Ukija Bungeni, njoo na kifungu mkononi

Kila mwaka, Machi ikiingia, watafiti huanza kumiminika Dodoma. Wapo wanaopanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam, ambayo tangu 2024 imemwezesha mtu kuja na kurudi siku hiyo hiyo, na wapo wa hapa hapa: Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Chuo cha Mipango, vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI Makutupora na Hombolo, na kile cha utafiti wa mifugo cha TALIRI Mpwapwa. Kwenye begi kuna kompyuta, kwenye kompyuta kuna slaidi arobaini. Wengi huondoka na picha ya pamoja na ahadi ya "tutalifanyia kazi".

Lawama hutupiwa wabunge, eti hawasomi. Mimi siikubali sana hoja hiyo. Wakati wa Mkutano wa Bajeti mbunge hupokea randama za wizara (maelezo ya kina ya makadirio ya bajeti), hotuba, taarifa za kamati, barua kutoka jimboni na ujumbe wa WhatsApp usio na mwisho. Na vitendea kazi vyake ni vichache: swali la msingi na maswali mawili ya nyongeza, mchango wa dakika chache ukumbini, hoja ndani ya kamati, jedwali la marekebisho muswada unapopita, na kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuuzuia mpaka atoe maelezo, wakati wa kupitisha mafungu. Utafiti ambao haujakatwa ukaenea kwenye kimojawapo cha hivyo, hata uwe mzuri namna gani, mbunge hana pa kuuweka.

Kalenda, kisha fedha

Mwaka wa kawaida Bunge hukutana mara nne: mwishoni mwa Januari hadi Februari, Aprili hadi mwisho wa Juni kwa ajili ya bajeti, kisha Agosti au Septemba, na mara ya nne karibu na Novemba. Kabla ya kila mkutano kamati za kudumu hutangulia kukaa, na huko ndiko utaalamu unakopata nafasi. Ukumbini kuna kamera, na kila mbunge anaongea huku akilifikiria jimbo. Kwenye kamati, mwenyekiti anaweza kumwambia mtaalamu arudie jedwali la pili mpaka lieleweke, na hakuna anayeona aibu kuuliza.

Ukitaka fedha, Aprili umeshachelewa. Mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa Taifa na mwongozo wa kuandaa bajeti hujadiliwa kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka, na ukomo wa bajeti wa kila wizara ukishatoka Hazina, kilichobaki ni kugawana kilichomo. Kumbuka pia Ibara ya 99 ya Katiba: Bunge halishughulikii hoja ya kuongeza matumizi isipokuwa imependekezwa na Rais kupitia kwa waziri. Kwa hiyo mbunge hawezi kusimama mwezi Mei akaongeza bilioni mbili za utafiti, hata kama umemshawishi kuanzia utosini hadi unyayoni. Anachoweza ni kuibana Serikali ihamishe fedha ndani ya ukomo ule ule, au itoe zile ilizokwisha kuahidi.

Hapo usimpe lengo la Umoja wa Afrika la asilimia 1 ya pato la taifa kwenda kwenye utafiti. Mawaziri wamelisikia mara nyingi na jibu lake liko tayari. Mpe mistari mitatu: kiasi kilichoidhinishwa kwa utafiti kwenye Fungu 43 la kilimo au Fungu 46 la elimu (fungu ni sehemu ya wizara kwenye kitabu cha bajeti), kiasi kilichotolewa hadi Machi, na kazi ipi imesimama kwa sababu ya tofauti hiyo. Sampuli zilizokusanywa zikakaa kwenye friji bila kupimwa kwa kukosa vitendanishi ni hoja inayoshikika. "Sayansi haithaminiwi nchini" ni malalamiko, na malalamiko waziri huyajibu kwa shukrani.

Muswada usiobeba jina lako

Muswada ukishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kusomwa Mara ya Kwanza, hupelekwa kwenye kamati husika, na kamati huita wadau watoe maoni. Tangazo la kuwaita aghalabu hutoka siku chache tu kabla ya kikao. Muswada ukija kwa hati ya dharura, siku hizo hupungua zaidi. Mtafiti anayeanza kuandika siku ya tangazo ataleta karatasi ya hasira. Anayefika akiwa amejipanga ni yule aliyeandika nusu ya maoni yake miezi sita kabla, kwa sababu anaijua sheria mama na anajua kifungu kipi kinamkwaza.

Kinachowapita wengi ni kwamba mabadiliko makubwa yanayogusa sayansi huja ndani ya miswada yenye majina mengine kabisa. Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwenda TBS, Shirika la Viwango, kupitia Sheria ya Fedha ya 2019. Mtaalamu wa chakula aliyekuwa anasubiri muswada wa chakula ufike kwenye kamati ya afya alikuwa anasubiri basi kwenye kituo lisikopita. Sheria ya Takwimu ya 2015 nayo ilirekebishwa mwaka 2018 ikawabana waliotaka kuchapisha takwimu zinazopingana na zile rasmi, kisha mwaka 2019 katazo hilo likaondolewa. Safari zote mbili mabadiliko yalikuja ndani ya muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, uliobeba sheria kadhaa kwa mpigo. Kwa hiyo fanya hivi: muswada wowote wa marekebisho ya sheria mbalimbali na kila Muswada wa Sheria ya Fedha, fungua ukurasa wa mwanzo uone orodha ya sheria zinazoguswa, halafu nenda mwisho usome Madhumuni na Sababu. Dakika kumi zinatosha kujua kama kuna kinachokuhusu.

Maoni yenyewe yaandike kwa jedwali, si kwa insha. Safu nne: kifungu cha muswada, kinachosemwa sasa, pendekezo, sababu. Safu ya pendekezo iwe na maneno ambayo mwandishi wa sheria anaweza kuyachukua kama yalivyo: "Muswada urekebishwe katika kifungu cha 14 kwa kuongeza kifungu kidogo cha (3) kinachosomeka kama ifuatavyo..." Hapo ndipo watafiti wengi hukwama. Wanaandika "kifungu hiki kiangaliwe upya kwa kuzingatia ushahidi wa kisayansi", na katibu wa kamati, mwenye maoni ya wadau kibao mezani na usiku mmoja wa kuandika taarifa, hana cha kufanya na sentensi hiyo. Sababu isizidi mistari mitano. Ushahidi wenyewe uweke kiambatisho, na ukurasa uutaje.

Usilete mapendekezo ishirini. Kamati ikiyapunguza itachagua yaliyo rahisi, na la maana linaweza kuwa ndilo lililoachwa. Matatu yanatosha, na la kwanza liwe lile ambalo likikosekana sheria itashindwa kufanya kazi.

Ukurasa mmoja wa sumukuvu

Tuchukue jambo la mkoa huu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu (aflatoxin), sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka. Uchunguzi uliochapishwa baadaye ulihesabu wagonjwa 68, na kati yao 20 walifariki. Tuseme unawaandalia ukurasa mmoja wabunge wa majimbo ya Kondoa, Chemba na Kongwa.

Sentensi ya kwanza isiwe historia ya kuvu. Iwe kipimo. Kikomo cha sumukuvu zote kwenye mahindi katika viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kwa aina moja, B1, peke yake ni 5. Mbunge akisikia "mikrogramu kwa kilo" anaandika neno asilolijua pembeni na kusubiri umalize. Fanya hesabu kwa niaba yake: kwenye gunia la kilo 100, kikomo ni miligramu 1. Uzito huo hakuna mizani ya dukani inayoweza kuusoma. Sasa anaelewa mambo mawili kwa pamoja, kwamba sumu haionekani kwa macho na kwamba bila maabara au kipimo cha haraka hakuna mnunuzi anayejua anachonunua.

Sentensi ya pili ijibu swali ambalo lazima litaulizwa: kwa nini maabara mbili zilitoa majibu tofauti kwa mahindi yale yale? Swali hilo lisipojibiwa mapema, mbunge mmoja atalitumia kuubomoa ushahidi wako wote. Sumukuvu haisambai sawa. Punje chache zilizooza zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na punje za jirani zikawa safi kabisa. Simama na magunia mawili ya soko la Kibaigwa, choma bambo (kile chuma chenye uwazi cha kuchotea sampuli) mara moja juu ya gunia la kwanza na mara moja kwenye la pili, na unaweza kupata jibu la "salama" na "hatari" kutoka shehena moja. Ndiyo maana utaratibu wa Umoja wa Ulaya kwa shehena ya nafaka ya tani 20 hadi 50 umekuwa ukitaka vichomo 100 kutoka sehemu mbalimbali, jumla ya kilo 10, visagwe na kuchanganywa ndipo kipimo kichukuliwe. Ukimweleza mbunge hivyo, anaona tatizo liko kwenye namna ya kuchukua sampuli, na hilo ni jambo ambalo kanuni inaweza kulirekebisha. Ukimwambia tu kwamba "kuna tofauti za kitakwimu", anaona wanasayansi hawaelewani.

Ikiwezekana beba bambo lenyewe na kilo moja ya mahindi. Vifaa vya mkononi hufanya kazi kuliko slaidi. Ila mahindi yasiwe yale yenye sumu, maana kuna siku mtu atayaonja.

Kisha mpe swali. Swali zuri la msingi lina jibu linalohesabika, ili Serikali isijibu kwa nia njema peke yake. Mfano: "Je, ni maghala mangapi ya umma Mkoani Dodoma yana kipima unyevu kinachofanya kazi, na ni mangapi yaliyapima mahindi kabla ya kuyapokea msimu uliopita?" Sababu yake iwe chini ya swali kwa mstari mmoja: mahindi yanayohifadhiwa yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5 yako nje ya kiwango, na kadiri unyevu unavyobaki ndivyo kuvu inavyostawi. Muandalie pia nyongeza mbili, moja ya kutumika jibu likiwa zuri na moja likiwa baya. Watafiti karibu wote husahau nyongeza, wakati mbunge husimama nazo akiwa na sekunde chache tu, na akikosa la kwako atauliza la barabara.

Mwisho wa ukurasa weka mafungu matatu mafupi: tunachokijua, tunachokikadiria, tusichokijua bado. Wapo wanaoogopa kwamba kukiri pengo kunamdhoofisha mbunge. Kinachomdhoofisha kweli ni kusema ukumbini jambo ambalo waziri, akiwa na wataalamu wanaomwandikia vimemo, atalipangua kwa sentensi moja. Mbunge aliyeaibika kwa takwimu yako hatapokea simu yako tena, na atawaambia wenzake.

Mahali ambapo Bunge silo linaloamua

Oktoba 2016 mahindi ya WEMA, mradi wa mahindi yanayostahimili ukame, yaliyobadilishwa vinasaba (GMO), yalipandwa kwa majaribio Makutupora, nje kidogo ya mji. Yaliwezekana kwa sababu mwaka 2015 kanuni za usalama wa bioteknolojia za 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zililegezwa kwa upande wa utafiti. Kabla ya hapo mtafiti aliwajibika kulipa fidia hata pasipo kuthibitishwa kuwa amezembea. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaagiza majaribio yasitishwe na mabaki yateketezwe, na mwaka 2021 ikatangaza tena kufuta utafiti wa aina hiyo.

Uwe upande wowote wa mjadala wa GMO, angalia njia iliyopitiwa. Kulegeza kulikuja kwa kanuni za waziri. Kusimamisha kulikuja kwa agizo la wizara. Hakuna muswada uliosomwa mara tatu. Sheria ndogo hutungwa wizarani, hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, ndipo hufika Bungeni na kuangaliwa na Kamati ya Sheria Ndogo, ambayo hasa hupima kama zinakwenda sawa na sheria mama. Haina kazi ya kupima kama sayansi yake ni sahihi. Kwa mambo mengi ya maabara, mbegu, viuatilifu na vibali, mlango wako wa kwanza uko Mji wa Serikali Mtumba, kwa mkurugenzi anayeandaa rasimu. Bunge ni mlango wa pili, wa kuuliza kwa nini rasimu imekaa miaka. Ukigeuza mpangilio huo utapigiwa makofi kwenye semina, na kanuni itabaki vilevile.

Barua, itifaki na mambo yasiyoandikwa

Mtafiti wa taasisi ya Serikali hamfuati mbunge kivyake. Barua hupita kwa Mkurugenzi Mkuu, kisha kwa Katibu Mkuu wa wizara mama. Unaweza kuudhika na mlolongo huo, lakini una sababu: waziri ndiye atakayesimama kujibu, na waziri aliyeshtukizwa na taasisi yake mwenyewe hujilinda kwanza, sayansi baadaye. Mhadhiri wa chuo kikuu ana uhuru zaidi, ila hata yeye atafika mbali akimpa mkurugenzi wa wizara nakala siku mbili kabla, ili mambo ya msingi yasiwe mapya kwa mtu yeyote chumbani. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo kwa sheria yake ya 1986 ni mshauri wa Serikali katika sayansi na teknolojia, inafaa pale hoja inapogusa wizara zaidi ya moja.

Ukiwa nje ya Serikali, andika kwa Katibu wa Bunge, taja kamati unayoilenga kwa jina lake sahihi la sasa (majina na mipaka ya kamati hubadilika Kanuni za Kudumu zinapofanyiwa marekebisho), na eleza katika aya moja unachoomba: kuwasilisha maoni kwa maandishi, kuitwa mbele ya kamati, au kuendesha semina. Semina ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo yenye tija ndogo. Inagharimu, huangukia mwisho wa wiki, nusu ya watu wana safari ya jimboni, na suala la posho litazungumzwa hata usipolizungumza. Kwa fedha hizo hizo ningechapisha ukurasa mmoja na kukutana na wabunge watano wa kamati moja, mmoja mmoja.

Mtu wa kumheshimu kuliko wote ni katibu wa kamati. Ndiye anayepanga ratiba, anayeandika rasimu ya taarifa, na anayebaki wajumbe wanapobadilishwa. Ofisi ya Bunge pia ina maktaba na watafiti wake. Bunge la Uingereza lina ofisi maalumu ya sayansi na teknolojia tangu 1989, yenye utamaduni wa kutoa muhtasari wa kurasa nne kwa kila mada. Hapa kwetu watafiti wachache wanahudumia kamati zote, kwa hiyo waraka mfupi wa Kiswahili, uliopangwa vizuri, utasomwa kwa sababu unawapunguzia kazi. Uandike kwa Kiswahili tangu mwanzo. Ukiuandika kwa Kiingereza ukatafsiri usiku wa kuamkia kikao, sentensi zitakuwa ndefu na mbunge atakayenukuu atanukuu vibaya.

Mbele ya kamati maneno yote hupita kwa mwenyekiti, hata unapomjibu mjumbe aliyekaa ubavuni kwako. Ukipewa dakika kumi, panga kutumia sita. Ukiulizwa usilolijua: "Mheshimiwa Mwenyekiti, takwimu hiyo sina hapa, nitaileta kwa maandishi kupitia kwa Katibu wa Kamati kesho kabla ya saa sita mchana." Halafu ilete kweli. Wanaoileta ni wachache kiasi kwamba wanakumbukwa kwa majina.

Baada ya yote, soma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Tafuta siku suala lako lilipojibiwa, nakili maneno kamili ya waziri aliposema Serikali itafanya nini na lini, na uyahifadhi pamoja na tarehe, jina la mbunge aliyeuliza na namba ya swali. Mkutano unaofuata ukikaribia, mpelekee mbunge yule yule nakala ya maneno hayo na swali jipya la mstari mmoja: utekelezaji umefikia wapi?